MTOTO MWENYE MOYO UNAOKWENDA MBIO

Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Limechapwa hapa kama lilivyosemwa, ili wanafunzi walisome tena pamoja na mwalimu wao, au nyumbani pamoja na watoto wao.

Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka vizuri, na ye yote aliyechelewa shambani amepata nafasi. Leo hatutaanza kwa kusoma. Wekeni vitabu chini. Nataka kwanza kila mmoja wenu aikumbuke siku ile aliyoitwa ubaoni mara ya kwanza kuandika jina lake.

Waikumbuka? Mwalimu alikupa chaki. Ukasimama. Watu wote wakakutazama, na labda miongoni mwao alikuwamo jirani yako, au mkweo. Mkono ukatoka jasho, chaki ikateleza. Mdomo ukakauka. Moyo ukapiga kama ngoma. Na ile herufi uliyoijua vizuri jana yake, uliyoiandika mara kumi mchangani kwa kidole, ikatoweka kichwani usiione tena.

Wewe ni mtu mzima. Umelima, umelea, umezika. Tena hukulazimishwa na mtu kuja darasani. Basi, ikiwa kipande cha chaki kiliweza kukufanya hivyo, fikiri juu ya mtoto wa miaka 9 au 10 ambaye jambo hilo humpata kila juma, wala hawezi kusema, "Kesho siji."

Hilo ndilo somo letu la leo. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: MSONGO. Tulisome pamoja kwa silabi: m-so-ngo. Msongo. Neno hili limetoka katika kusonga. Tunaposonga ugali twaukandamiza kwa mwiko, huku na huku, mpaka hauna nafasi ya kukimbilia. Moyo wa mtu huweza kusongwa hivyo hivyo na mawazo. Siku hizi magazetini mtasoma maneno "msongo wa mawazo". Wazee walisema tu, "Moyo wangu una dhiki," nao walieleweka.

Watu wengi hudhani kwamba msongo ni wa watu wazima, wenye madeni na wagonjwa wa kuuguza. Mtoto, husema, ana shida gani? Anakula, anacheza, analala. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, nami ni ofisa wa elimu, nina stashahada ya chuo kikuu, tena kazi yangu ni kuzungumza na wazazi. Ngojeni niwaeleze aibu yangu.

Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka 10 alianza kuumwa tumbo. Aliumwa asubuhi, kabla ya kwenda shule. Nikampa dawa ya minyoo. Baada ya majuma mawili akaumwa tena, nikampeleka zahanati. Wakampima, hawakuona kitu. Mara ya tatu nilikasirika. Nikamwambia, "Wewe ni mvivu tu. Vaa viatu uende." Akavaa, akaenda huku analia. Mama yangu alikuwa akikaa nasi wakati huo, naye alikuwa jikoni akisikia yote. Akangoja mpaka mtoto amefika mbali, ndipo akaniambia, "Mwanangu, mtoto huyu haumwi tumbo. Anaumwa Jumatatu."

Nikahesabu. Kweli, kila mara ilikuwa Jumatatu. Bibi yake asiyejua kusoma aliliona jambo hilo. Mimi mwenye kalenda ukutani sikuliona.

Tulimwuliza mtoto polepole, si siku ile, ila jioni moja alipokuwa akichambua mchele na bibi yake. Kumbe kila Jumatatu darasani mwao palikuwa na jaribio la hesabu. Alama zilisomwa kwa sauti, na waliopata chache walisimama mbele mpaka kipindi kiishe. Basi tangu Jumapili jioni binti yangu alikuwa amekwisha simama mbele ya wenzake, moyoni mwake.

Je, alisema uongo juu ya tumbo lake? Hasha. Tumbo liliuma kweli. Sikilizeni jinsi mwili unavyofanya kazi.

Juu ya kila figo iko tezi ndogo. Mtu akiona hatari, ubongo hupeleka habari mara moja, na tezi hizo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo huenda mbio, ili damu ifike upesi miguuni na mikononi. Pumzi huwa fupi na ya haraka. Damu ya tumboni hupungua, maana mtu anayemkimbia nyoka hana haja ya kusaga chakula wakati huo. Ndiyo sababu tumbo husokota, mdomo hukauka, na mtoto hutaka kwenda chooni mara kwa mara. Mtaalamu mmoja wa Marekani aitwaye Walter Cannon aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1915. Alisema kwamba mwili unajiweka tayari kupigana au kukimbia.

Kwa nyoka, mpango huu ni mzuri sana. Lakini jaribio la hesabu si nyoka. Mtoto hawezi kulipiga, wala hawezi kulikimbia. Yeye amekaa kwenye dawati, na ndani yake mwili wote unakimbia. Na mtu anayekimbia hakumbuki saba mara nane. Hiyo ndiyo sababu ya ile herufi yako kutoweka ubaoni. Hukuwa mjinga, ulikuwa mbioni.

Sasa, katika mambo hayo yote yanayokwenda yenyewe, liko moja ambalo mtu aweza kulishika, kama mtu anavyoshika hatamu ya punda. Ni pumzi. Huwezi kuuamuru moyo wako uende polepole. Pumzi waweza. Na viwili hivi vimefungwa pamoja: mtu akivuta pumzi, moyo huongeza mwendo kidogo, akiitoa, moyo hupunguza. Basi akiitoa polepole, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, moyo hupata nafasi ya kutulia.

Msiniamini kwa kusikia tu. Tujaribu. Kila mmoja aweke vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa dole gumba. Msikandamize. Mmeusikia mshipa unavyopiga? Haya. Vuteni pumzi kwa pua, nami nahesabu: moja, mbili, tatu. Sasa itoeni kwa mdomo, polepole: moja, mbili, tatu, nne, tano. Tena. Endeleeni hivyo mara nne, nami nitanyamaza.

(Hapa msomaji alinyamaza kidogo.)

Labda wengine wamecheka. Haidhuru. Wengine wameona mshipa umepunguza mwendo wakati wa kutoa pumzi, na wengine hawakuona kitu. Nao wajaribu tena nyumbani penye kimya. Lakini angalieni jambo moja. Msivute pumzi kubwa kubwa na za haraka. Mtu akifanya hivyo atapata kizunguzungu, na mtoto ataogopa zaidi. Nguvu haitakiwi hapa.

Ugumu ni kwamba mtoto hapendi kuambiwa ahesabu pumzi. Mwambie mtoto wa miaka 7 avute pumzi, naye atavuta mpaka mabega yafike masikioni, kisha atacheka, kisha ataondoka. Hapa ndipo mama yangu alipotupita sote. Hakupata kusikia neno adrenalini maishani mwake. Lakini Jumapili jioni alimwita mjukuu wake jikoni, akamkalisha mbele ya mafiga. Moto ulikuwa umelala. Makaa yamefunikwa na majivu, hapana moshi.

"Puliza, bibi," akamwambia. "Lakini polepole. Ukipuliza kwa hasira majivu yatakuingia machoni."

Mtoto akapuliza kwa nguvu, majivu yakaruka. Wakacheka. Akapuliza tena, polepole, pumzi nyembamba na ndefu. Kaa moja likawa jekundu. Akiacha, linafifia. Akipuliza, linakuwa jekundu tena. Wakakaa hivyo kwa muda, macho yote mawili juu ya kaa moja, na Jumatatu ikawa mbali kidogo.

Kisha yule bibi akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiri. Akakifunua kiganja cha mtoto akasema, "Kesho utaondoka na kaa lako. Ni hili hapa, hakuna alionaye ila wewe. Mwalimu akianza kusoma alama, lipulize chini ya dawati." Tangu siku hiyo nyumbani kwetu liliitwa "kaa la kiganjani". Nimewafundisha wazazi wengi tangu hapo, na sijapata njia iliyo bora zaidi kwa mtoto mdogo. Wale wanaopikia gesi, na pasipo na mafiga, watumie kikombe cha uji wa moto. Mtoto apulize polepole ili uji utulie usimwagike. Na wenye moto wa kuni, msimkalishe mtoto kwenye moshi. Moshi huharibu mapafu. Ngojeni mpaka ubaki mkaa mtupu, na mlango uwe wazi, na mtu mzima awe karibu.

Labda mtauliza: je, ni pumzi tu iliyomsaidia? Si pumzi tu. Ni macho pia, yaliyotulia juu ya kaa moja. Moyo wenye msongo haukai ulipo. Unakimbilia kesho: nitafeli, nitachekwa, baba atanipiga. Au unarudi jana. Mtoto akipewa kitu kimoja cha kutazama, kushika au kusikiliza, moyo unarudi hapa. Utaondoka tena, maana ndiyo tabia yake, naye aurudishe tena bila kujilaumu.

Habari hii si ngeni duniani. Watawa wa dini ya Buddha huko Asia wamefanya mazoezi ya namna hii kwa karne nyingi. Mwaka 1979 mtaalamu aitwaye Jon Kabat-Zinn aliyaingiza katika hospitali moja ya chuo kikuu katika mji wa Worcester, Marekani, pasipo mambo ya dini, kwa wagonjwa waliokuwa na maumivu ya muda mrefu. Mafunzo yake yalichukua majuma 8. Kutoka hospitalini yakaenea mpaka shuleni. Nasema hivi kwa sababu nimekwisha kuulizwa na Waislamu na Wakristo kama jambo hili linaingilia imani yao. Kutazama kaa la moto na kupuliza polepole si ibada ya mtu ye yote.

Lakini hapana budi niwaeleze na upande wa pili. Huko Uingereza walijaribu kuyafundisha mazoezi haya kama somo la darasani, katika shule zaidi ya 80, kwa watoto zaidi ya 8,000. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Watoto waliofundishwa hawakuonekana kuwa na nafuu kuliko wenzao waliofuata masomo yao ya kawaida. Tena ilionekana kwamba wengi wao hawakufanya mazoezi nyumbani. Watu wengine wakasema, basi, jambo lenyewe halina faida. Shauri langu ni jingine. Naona kwamba jambo hili halifundishwi kama jedwali la kuzidisha. Hujifunzwa kama mtoto anavyojifunza kusalimu: kwa kumwona mtu anayempenda akifanya, kila siku, bila kuambiwa kwamba sasa ni somo. Kama ni hivyo, mwalimu wake ni mzazi.

Chukueni mfano wa mchele. Nyumba nyingi huchambua mchele kabla ya kuupika, na kazi hii mara nyingi huonekana ni adhabu. Mkae na mtoto, ungo mmoja katikati yenu. Msizungumze juu ya shule. Mwambie, "Mimi natafuta mawe, wewe tafuta chuya." Jicho linatembea juu ya punje, kidole kinasukuma. Baada ya muda mtoto atasimama, kidole hakiendi, macho yametazama mbali. Ameondoka. Usimgombeze. Mguse mkono tu, useme, "Nimepata jiwe." Atarudi. Kurudi huko ndiko mazoezi yenyewe. Akirudi mara tano kwa jioni moja, amefanya mazoezi mara tano. Na aghalabu, mikono ikiwa kazini na macho yenu hayatazamani, mtoto husema jambo ambalo hawezi kulisema akiwa amesimamishwa mbele yako. Binti yangu alitueleza habari za Jumatatu juu ya ungo. Sidhani angelizisema mezani.

Wavulana nao wachambue. Sioni kwa nini wao waachwe na msongo wao kwa sababu tu ya desturi ya jikoni. Mchezo wa mdako nao wafaa, maana anayerusha jiwe na kuwaza mtihani hulikosa. Kwa mtoto anayekwenda shule kwa miguu, mpe kazi ya njiani: asikilize sauti tatu za karibu na moja ya mbali, akuhadithie jioni. Hayo yatosha. Dakika moja au mbili zatosha kwa mtoto wa darasa la kwanza; wakubwa waweza kukaa zaidi.

Usimlazimishe mtoto kufumba macho. Wengine huogopa giza la ndani. Usimwambie apulize kaa lake wakati wewe unamfokea, kwa maana litakuwa adhabu, naye hataligusa tena. Na usingoje siku ya hofu ndipo uanze. Mtu hajifunzi kuogelea siku ya mafuriko. Zoezi hujifunzwa siku ya utulivu, likawa tayari.

Sasa nifike kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote hayo. Pumzi haishibishi. Mtoto akiwa na njaa, mpe chakula. Mtoto akipigwa kila siku, usimfundishe kutulia apigwe vizuri, ondoa fimbo. Binti yangu alilipuliza kaa lake, na moyo wake ukatulia kidogo, lakini Jumatatu ilikuwa bado ipo. Hapo palikuwa pangu mimi. Nilikwenda shuleni, si kama ofisa, bali kama baba. Mwalimu alikuwa na watoto zaidi ya 90 katika chumba kimoja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na msongo wake mwenyewe, akitafuta njia ya kuwafanya wasome. Tulizungumza. Akakubali kuandika alama katika madaftari badala ya kuzisoma kwa sauti. Maumivu ya tumbo hayakwisha siku ile. Yalichukua karibu muhula mzima, yakirudi na kuondoka, na mara nyingine nilishindwa kuvumilia. Hesabu bado si rafiki yake.

Wenye watoto darasa la saba mwajua jinsi nyumba inavyokuwa unapokaribia mwezi wa Septemba, wakati wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Tanzania. Nimesikia wazazi wakimwambia mtoto usiku wa kuamkia mtihani, "Ukifeli, usirudi hapa." Wanadhani wanamtia bidii. Wamemtia nyoka chumbani. Mwambie badala yake utakachompikia akirudi. Alale mapema, anywe chai na kitu cha kula asubuhi, aende na kaa lake.

Na kama mtoto halali usiku, au amenyamaza kwa majuma mengi, au hataki tena kucheza, au anasema kwamba angependa kufa, hayo si ya ungo wala ya mafiga. Mpelekeni zahanati au hospitali, mkaeleze yote. Ikiwa mtoto anapigwa vibaya au anaguswa isivyofaa, hata na ndugu, pigeni simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto, na haina malipo. Mwalimu, andika namba hiyo ubaoni kwa tarakimu kubwa: 1, 1, 6. Kila mtu ainakili sasa hivi.

Haya, fungueni madaftari. Mwalimu ataandika sentensi hizi nne, nanyi mtazisoma kwa zamu, kisha mtazinakili:

Mtoto ana hofu.
Tumbo lake linauma.
Bibi anakaa naye karibu na moto.
Wanapuliza polepole.

Aitwaye ubaoni leo, kwanza alipulize kaa lake kabla ya kushika chaki. Wenzake wamngoje bila kucheka.

Kazi ya nyumbani ni hii. Chagueni kazi moja ya kila siku, kuchambua mchele, kumenya njugu, kuteka maji, yo yote ile, mkaifanye pamoja na mtoto mmoja kwa siku tatu. Asiye na mtoto aazime wa jirani. Kisha andikeni sentensi mbili juu ya alichokisema mtoto mlipokuwa kazini. Asiyeweza bado kuandika sentensi aandike neno moja tu. Tutayasoma juma lijalo, na mwalimu aniletee yale mtakayoniruhusu kuyasoma hapa redioni, bila majina.

Mwalimu, angalia kila mtu ameandika tarehe. Kwa herini.